Nani Afungue Mlango wa Mkongoro

Kaeni vizuri. Wenye kusuka ukili wasuke, wenye kumenya viazi wamenye, mikono yenu sina haja nayo, nipeni masikio. Hadithi hii haina sultani wala sungura. Ina watu wanne na ufunguo mmoja. Mwishoni nitawauliza swali, na kwa kuwa nawajua nyinyi mtataka kulijibu kabla sijafika, nasema mapema: atakayenikatiza atasimulia yeye.

Palikuwa na nchi iliyokuwa vitani na jirani yake wa ng'ambo ya mto. Nani alianza? Kila mmoja alimtaja mwenziwe. Vita vyenyewe vilikuwa mbali na mji mkuu, kwa hiyo watu wa mji mkuu walivipigana kwa runinga, wakishakula chakula cha jioni. Walikuwa hodari sana wa kurusha mabomu kwa mdomo. Na runinga waliyoitazama kuliko zote iliitwa Tarumbeta.

Katika mji huo walikuwapo watu wanne wenye vipaji.

Wa kwanza Faraji Kiumbo, msoma habari wa Tarumbeta. Kipaji chake kilikuwa sauti. Faraji akisema mvua itanyesha, watu huanua nguo bila kutazama juu. Wazee waliosema hawaamini serikali, hawaamini gazeti, hawaamini hata majirani zao, walimwamini Faraji.

Wa pili Yusta Mwambona, mhariri wa picha katika kituo hichohicho. Kipaji chake kilikuwa mkono. Akikata picha na kuiunga, huoni mshono. Waziri mwenye kigugumizi alikuwa akiingia chumbani kwa Yusta na kigugumizi chake, jioni nchi nzima ikamsikia anaserereka.

Wa tatu Nyamizi, binti wa mwaka wa pili chuoni. Kipaji chake kilikuwa kusema jambo kama lilivyo. Wageni wakifika kwao, mama yake alimtuma dukani upesi, maana Nyamizi akiulizwa kama chai imekolea, na haijakolea, atasema haijakolea, hata kama aliyeipika ni mama huyohuyo.

Na wa nne ndiye tutakayeandamana naye, Dokta Siwema Mbegu, mhadhiri wa uandishi wa habari katika Chuo Kikuu cha Mkongoro. Kipaji chake kilikuwa kuuliza. Alikuwa hanunui nyanya sokoni bila kumuuliza muuzaji amejuaje kuwa ni za leo. Wauzaji walimtania, wakamwita Mama Umejuaje, na yeye alilipenda jina hilo kuliko udokta.

Sasa sikilizeni kisa.

Siku moja Dokta Siwema aliingia darasani na habari mbili. Zote zilihusu daraja la Mbirizi, zote za siku ileile. Moja ilitangazwa na Tarumbeta, ya pili ilitangazwa na redio ya ng'ambo. Alizifuta majina ya nchi, majina ya majenerali na rangi za bendera. Akabakiza "sisi" na "wao" tu. Akawasomea wanafunzi, kisha akawauliza: "Ipi yetu?"

Darasa likagawanyika, hawa wakasema hii, wale wakasema ile, na waliobisha kwa nguvu zaidi ndio waliokosea. Nyamizi alikuwa mmoja wao.

"Kwa nini ulidhani hii ndiyo yetu?" Siwema akamuuliza.

"Kwa sababu imesema adui amekimbia akaacha viatu. Kila jioni nyumbani nasikia adui ameacha viatu. Nikadhani viatu ni vyetu."

Darasa likacheka, na Siwema akacheka nalo. Kisha akasema maneno yaliyomponza: "Katika namna ya kuandika habari, sisi na wao hatuna tofauti. Hilo si kosa la askari wetu. Ni kazi yenu nyinyi mtakaoandika kesho."

Basi. Somo likaisha, watu wakaenda kula. Lakini pale Mkongoro kila somo hurekodiwa kwa ajili ya waliougua au kuchelewa, na mtu fulani, simtaji kwa sababu hastahili kukaa katika hadithi yangu, akaipeleka rekodi hiyo Tarumbeta.

Mkuu wa habari akamwita Yusta. Akamwambia anataka kipande kifupi, chenye kuuma. Yusta akakata, akaunga, akapiga pasi mshono. Mchana wa siku hiyo nchi nzima ikamwona Dokta Siwema, uso mkavu, nyuma yake daraja linawaka moto, akisema: "Sisi na wao hatuna tofauti. Hilo ni kosa la askari wetu."

Naam, mmesikia vizuri. Neno "si" dogo lile halikupona mikononi mwa Yusta, wala mwanzo wa sentensi haukupona, na pale palipokosa "ni" aliichomoa kwenye sentensi nyingine. Magazeti yakadaka. Moja likaandika kuwa ni mhadhiri wa adui. Jingine likachora katuni yake amevaa buti za ng'ambo. Mchambuzi mmoja, hajawahi kukanyaga Mkongoro, akasema uhuru wa kitaaluma ni mdudu aliyeingia kwenye gunia la mahindi, na dawa ya mdudu inajulikana.

Siwema alipokwenda sokoni kununua samaki, muuzaji wake wa siku zote akafunika beseni.

"Sikuuzii. Kanunue kwa wenzako ng'ambo."

Mwanamke yule aliyezoea kumuuliza kila mtu amejuaje, siku hiyo hakuuliza kitu. Alirudi nyumbani na kikapu kitupu, akakaa jikoni akalia. Alilia kwa hasira, na nawaambieni kilio cha hasira kinachosha kuliko cha huzuni.

Kesho yake akaitwa na Makamu Mkuu wa Chuo, Profesa Kalokola. Mtu mwema, Profesa huyu, mwema mpaka anakera. Alimpa kiti, akampa chai, akamsimamisha kazi.

"Siwema, mimi nakuamini," akasema. "Ila huu ni wakati wa vita. Uhuru wetu wa kufundisha tuuweke pembeni kidogo, vita vikiisha tutauchukua."

"Profesa, uhuru wa wakati wa amani peke yake si uhuru. Hiyo ni likizo."

"Tarumbeta wako tayari kukusaidia. Ukiomba radhi hewani, hata kwa dakika chache, Seneti itakurudisha."

"Niombe radhi kwa sentensi niliyoitamka, au kwa ile waliyoitamka wao kwa mdomo wangu?"

Profesa akaangalia chai yake. Siwema akainuka, akaiacha yake imejaa. Alijua alichokiweka rehani. Kama Seneti ingemfukuza, hapana chuo kingine nchini ambacho kingethubutu kumchukua, na kila mhadhiri aliyebaki angejifunza kufundisha akiangalia mlango. Hata hivyo akapiga moyo konde. Radhi hakuomba.

Hapa ndipo wale watatu wanapoingia. Sikilizeni kila mmoja na lake, msiwachanganye.

Faraji Kiumbo alikuwa kijijini kwa wakwe zake, kwenye matanga, wakati hayo yote yanatokea. Aliporudi kazini akapewa habari kubwa ya jioni. Ilikuwa na kichwa cha kutisha, kwamba Mkongoro ni kiota cha wasaliti, na kwamba raia wema wanadai mhadhiri akamatwe na masomo yote ya chuo yakaguliwe na jeshi. Hao raia wema hawakutajwa majina. Wakitaka kukuumiza, raia wema huwa hawana majina.

Faraji akaomba kuona rekodi nzima ya somo. Akaambiwa haipo. Akauliza imekwenda wapi. Akaambiwa soma.

Siwema alikuwa kwa dada yake jioni hiyo, ameketi mbele ya runinga. Akamwona Faraji akifika kwenye habari yenyewe. Akamwona akivua miwani.

"Habari inayofuata inamhusu mwalimu," akasema Faraji, kwa sauti ileile inayowafanya watu waanue nguo. "Nimeomba kuliona somo lote, nimenyimwa. Miaka yote hii nimewasomea nikiamini ninachosoma. Hii siiamini. Siisomi."

Akakunja karatasi, akaiweka kando, akatazama kamera. Kikapita kimya cha kutosha mtu kumeza mate, kisha likaja tangazo la sabuni.

Kibarua chake kiliota nyasi kabla sabuni haijatoa povu. Vituo vyote vikamfungia, kikubwa na kidogo, hata kile cha kutangaza vifo na minada. Sauti ile ikabaki kusalimia majirani. Lakini mjini likazuka swali ambalo halikuwapo jana yake. Kwa kinyozi, kwenye bomba la maji, kwa muuza samaki yuleyule, watu walianza kuulizana: kwani somo zima lina nini?

Yusta Mwambona alilisikia swali hilo akiwa saluni. Aliyekuwa akimsuka ndiye aliyeuliza, kwa mtu mwingine, huku kitana kimekwama kwenye nywele za yule mwenye jibu. Maana rekodi ilikuwapo. Aliamriwa aifute, hakuifuta. Alitoka saluni kichwa kimesukwa nusu, akajifunga mtandio, akaenda kubisha hodi kwa Siwema jua la mchana likiwaka na majirani wakimtazama.

"Mimi ndiye niliyekukata," akasema mlangoni.

Siwema akamuuliza: "Umekuja nikusamehe?"

"Hapana. Nimekuja kukwambia kabla sijafanya ninalotaka kufanya, usije ukashtuka."

"Kwa nini ulikata?"

"Niliambiwa ni vita, kila mtu apigane kwa silaha yake." Yusta akainamisha macho. "Na mshono ulipokaa vizuri nilijisifu, Dokta. Niliita mpaka wenzangu waje waone. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi."

Siwema alitaka kumfukuza. Nasema kweli, mkono wake ulikuwa tayari kwenye kitasa. Lakini hakuufunga mlango, na Yusta akaenda zake.

Alasiri iliyofuata Tarumbeta walikuwa wanarudia kipindi cha mapishi, siku hiyo ni chapati za maji. Kina mama wameshachota unga, mabakuli yako magotini. Badala ya mpishi akatokea Dokta Siwema darasani, somo zima, mwanzo hadi mwisho, bila mkato hata mmoja. Wakuu wa kituo walikuwa wamejifungia kwenye mkutano wao, na hakuna aliyedhani kipindi cha chapati kinahitaji mlinzi. Walipokuja kushtuka, nchi ilikuwa imeshamsikia Siwema akiuliza ipi yetu, ilikuwa imeshabishana, na ilikuwa imeshakosea sawasawa na darasa.

Yusta alikamatwa palepale kazini. Akalala rumande, akatoka na kesi ya hujuma wakati wa vita ambayo mpaka leo inaahirishwa. Hakuna aliyempa kazi tena. Walioipenda Tarumbeta walimwita msaliti, na waliompenda Siwema walimwita yule yule aliyekata. Akawa hana upande wa kukaa.

Haya. Mtasema ukweli umejulikana, kwa hiyo hadithi imekwisha. Hamjui Tarumbeta nyinyi.

Tarumbeta hawakukanusha. Walibadilisha wimbo. "Sawa," wakasema, "huenda hakutamka hivyo. Lakini mtu kufundisha mambo hayo wakati vijana wetu wanakufa ni kuwatukana mashujaa." Na hilo, jamani, likaingia. Watu walikuwa wamezika, na wengine walikuwa hawana hata maiti ya kuzika. Ukimwambia mtu aliyefiwa kwamba fulani anamcheka marehemu wake, hakuulizi ushahidi. Siwema mwenyewe, aliposikia, alikaa kimya siku kutwa, maana kwa uongo alikuwa na jibu, lakini kwa msiba wa watu hakuwa nalo.

Seneti ya chuo ikapangiwa siku ya kumhukumu. Tarumbeta wakaomba kurusha moja kwa moja, na Profesa Kalokola, kwa wema wake ule, akakubali. Wakawaleta wazazi wa askari kwa mabasi, wakawakalisha mbele ili waonekane wakizomea. Na wakatafuta mtu wa kuzungumza kwa niaba yao. Wakampata Nyamizi.

Maana Nyamizi, ambaye darasa lilimcheka kwa ajili ya viatu, alikuwa na kaka aliyeitwa Masanja, na Masanja alikuwa amekufa kwenye daraja la Mbirizi. Habari ya kifo iliwafikia baada ya lile somo. Watu wa kamera walikwenda kwao na maua, wakakaa na baba yake. Jeshi lilikuwa limeahidi kuipa shule ya kikosi jina la Masanja, na baba aliishi kwa ahadi hiyo. Wakakubaliana kwamba binti atasimama aseme mwalimu wake alimtukana kaka yake. Nyamizi hakusema ndiyo wala hapana. Kwa watu waliomjua, hiyo ilikuwa ajabu ya kutosha.

Siku ilipofika alisimama mbele ya Seneti, mbele ya wazazi, mbele ya kamera. Siwema alikuwa ameketi kiti cha mshtakiwa. Alimwona yule binti amevaa nguo za matanga, akafikiri: nimekwisha.

"Kaka yangu Masanja alifia daraja la Mbirizi," akasema Nyamizi. "Siku aliyokufa, Tarumbeta ilitangaza kuwa daraja limeshakuwa letu na hakuna askari wetu aliyeumia. Mama yangu alifurahi, akachinja kuku. Tulikula. Tuliwapelekea na majirani. Tulikuwa tunakula kuku, kaka yangu yuko majini."

Wazazi waliopangwa wazomee hawakuzomea.

"Mmeniambia nije niseme nani amemtukana. Mwalimu hakumtukana. Mwalimu alitusomea habari ya siku ileile, akatuuliza tumejuaje. Laiti nyumbani kwetu kungekuwa na mtu mmoja wa kuuliza hivyo, tusingekula yule kuku."

Mama mmoja katika safu ya mbele akainuka polepole. "Wa kwangu je?" akauliza, hata hajulikani anamuuliza nani. "Wa kwangu mlisema yuko mzima." Akainuka mwingine, na mwingine. Mtu wa kamera akasahau kuigeuza kamera. Seneti, ambayo asubuhi ilikuwa na uamuzi wake mfukoni, ikautupa. Siwema akarudishwa darasani, na ikapitishwa kwamba hapana somo la Mkongoro litakalokaguliwa na jeshi, vita viwepo visiwepo.

Nyamizi alipofika nyumbani alikuta begi lake limewekwa nje. Jina la Masanja lilifutwa kwenye ile shule kabla halijapakwa rangi, na mfuko wa familia za askari, uliokuwa ukimsomesha, ukamwondoa. Baba yake hakumpiga wala hakumtukana. Hakumsemesha tu, na mpaka leo hamsemeshi.

Sasa tuje kwenye ufunguo, najua ndio mliokuwa mnaungoja.

Mkongoro wana Ukumbi wa Wazi. Waliojenga chuo walifungiwa nje ya ukumbi huo na utawala wa enzi zao, na walipouchukua wakaweka desturi. Kila mwaka wahadhiri humchagua mwenzao mmoja atoe Mhadhara wa Wazi. Mchaguliwa huyo haufungui mlango mwenyewe. Kufuli hubadilishwa, naye humkabidhi ufunguo mpya mtu mmoja aliyesimama kuulinda uhuru wa chuo. Mtu huyo ndiye hufungua, na ufunguo unakuwa wake mpaka kufa. Mwenye ufunguo huketi katika darasa lolote la Mkongoro bila kuulizwa ada wala kitambulisho. Akitaka kusema ukumbini, husikilizwa, na hakuna mwenye mamlaka ya kumtoa.

Mwaka huo wahadhiri walimchagua Siwema.

Wa kwanza kuja kwake alikuwa Profesa Kalokola. "Nimefikiri," akasema, "ufunguo tumpe mwenye Tarumbeta. Ameandika masahihisho gazetini, ukurasa wa ndani. Itakuwa ishara ya mapatano."

"Profesa, anayetaka mapatano na mimi aje mlangoni asimame na watu wengine, atafunguliwa. Ufunguo simpi."

Kisha akawaita wale watatu sebuleni kwake. Alikuwa na wazo, nanyi pia mnalo, nawaona. Akasema achonge funguo tatu. Lakini desturi ilikataza, na haikukataza bure. Mwaka mmoja walichonga wa pili, kwa huruma tu, na ndio mwaka ambao askari waliingia ukumbini bila kuvunja hata bawaba.

"Basi mimi nitasema langu," akasema Faraji, "wala sina haya. Nautaka. Nyuma ya mlango ule ndipo mahali pekee nchini ninapoweza kufungua mdomo nikasikilizwa. Na nilianza mimi. Pasingekuwa na wa kwanza kukataa, rekodi ya Yusta ingeozea kabatini."

"Kweli, kaka Faraji," akajibu Yusta. "Lakini wewe ulikataa usichokijua. Ungeweza kuwa umekosea, ukamlinda msaliti. Mimi niliwapa watu kitu cha kushika mkononi. Na kama ni kuulinda ufunguo, nani ataulinda kuliko aliyewahi kubomoa?"

"Ndiyo maana naogopa kukupa," akasema Siwema, bila kujizuia. "Bila mkono wako haya yote yasingekuwapo."

"Najua, Dokta. Nami sikuja kudai. Nimekuja kusema."

Wakamgeukia Nyamizi. Alikuwa analala kwa rafiki, masomo yamekatika, na wote pale sebuleni walijua kwamba ufunguo ule ndio ungemrudisha darasani.

"Nyinyi mmepoteza kazi," akasema. "Kazi hupatikana tena. Mimi nyumbani kwetu sina pa kurudi." Kisha akamgeukia Siwema. "Lakini Dokta, usinipe kwa sababu nimefiwa. Ukinipa kwa hiyo, utakuwa umefanya walichotaka kufanya Tarumbeta, ila wewe umekifanya kwa upole."

Siku ya mhadhara ikafika. Uwanja umejaa mpaka kwenye ngazi. Siwema amesimama mbele ya mlango, ufunguo mkononi, umelowa jasho. Kulia kwake watatu wamejipanga. Kushoto, kamera ya Tarumbeta, maana hao hawakosi. Mwandishi wao akamsogezea kipaza sauti.

"Dokta, nakusaidia tu," akasema. "Ukimpa Faraji, jioni tutasema umemtuza muasi. Ukimpa Yusta, tutasema mlikula njama tangu mwanzo. Ukimpa binti, tutasema umeutumia msiba. Sasa tuandike nini?"

Siwema akamtazama yule mwandishi, na tangu siku ile ya samaki hakuwahi kujisikia mwepesi kama alivyojisikia hapo.

"Andikeni mtakavyo," akasema. "Leo mlango unafunguliwa, na kamera yako ni ruhusa kuingia. Ila ukae mpaka mwisho. Ukiondoka na kipande, watu hawa wote watakuuliza umejuaje."

Uwanja mzima ukacheka, na muuza samaki, ambaye alikuwapo, akacheka kuliko wote. Kisha Siwema akawageukia watatu wake, akanyoosha mkono wenye ufunguo.

Nami nasimama hapohapo, mkono ukiwa umenyooshwa. Msininung'unikie. Faraji alitia shaka palipokuwa na imani ya kipofu. Yusta alileta ushahidi, baada ya kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyeuua. Nyamizi aliufanya ukweli uvumilike kwa wenye msiba, na hataki ahurumiwe. Mmoja kati yao asingekuwapo, Siwema leo angekuwa anauza maandazi na Mkongoro ingefundisha kwa kunong'ona. Ufunguo ni mmoja, na jua linazidi kupanda.

Haya, wewe uliyekuwa unatikisa kichwa tangu mwanzo. Weka kisu cha viazi chini. Mlango bado umefungwa, watu wamesimama juani wanakusubiri wewe. Unamkabidhi nani? Na ukishamtaja, nitakuuliza kama angeuliza Siwema: umejuaje?